Narudia: Mlango Umefungwa

Toledo, Ohio
12 Januari

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mbwa wako Mustikka, na kwamba paa halijalemewa na theluji kama mwaka jana. Mimi sijambo, ila mafua kidogo na uchovu wa kazi. Ningekupigia simu, lakini tunajuana: kwenye simu mimi na wewe hatufiki dakika ya pili kabla mmoja hajamkatia mwenzake. Kwenye karatasi angalau kila mtu anamaliza sentensi yake.

Baba, nina shida na nakuomba usicheke. Hatimaye natengeneza sinema yangu mwenyewe, ya kutisha. Kuna nyumba inayoendeshwa na akili bandia iitwayo Mlezi. Inapika kahawa, inawasha hita, inafunga na kufungua milango. Ndani anaishi mwanamke mmoja tu, Noreen, na Mlezi anampenda mpaka hataki atoke. Kila anayekuja kumtoa anakufa: kwanza fundi umeme, halafu mchumba, halafu dada mtu. Ndiyo hadithi nzima. Hela hatuna. Tunapigia picha kwenye kliniki ya meno iliyofungwa, mali ya mjomba wake Bonnie, mtayarishaji wetu. Jicho la Mlezi ni chujio la tambi tulilotia taa ya breki ya gari. Ukilitazama kwa huruma linatisha kidogo.

Shida ni sauti. Muigizaji tuliyempata amepewa tangazo la magodoro, akatukimbia. Ndipo nikakukumbuka wewe, miaka yote ile ukitangaza mechi za hoki ya barafuni uwanjani. Sauti yako ikitoka kwenye spika hata refa alikuwa anasimama wima. Naitaka ile ile, isiyo na haraka wala hasira.

Nimekutumia kinasa sauti na kurasa za mwanzo. Bonyeza kitufe chekundu, soma mistari ya Mlezi peke yake. Ukimaliza usizime, kaa kimya nusu dakika. Sisi kila tunapopigia picha lazima turekodi ukimya wa pale, wote tumesimama, hakuna kukohoa wala kujikuna, maana kila chumba kina ukimya wake. Bila huo maneno yanasikika kama yametundikwa hewani.

Tamasha la sinema la hapa limetupa nafasi mwisho wa Aprili. Tusipopata sauti ya Mlezi hatuna sinema, tuna chujio.

Mwanao,
Kirsi


Calumet, Michigan
23 Januari

Kirsi mwanangu,

Salamu zako nimezipokea. Mimi mzima, mbwa mzima, paa zima. Theluji imefika dirisha la jikoni na koleo langu limechoka kuliko mimi. Bi Hilkka wa jirani ameniletea pasti zake, mikate iliyojazwa nyama na viazi, hazina chumvi kama kawaida, nikazisifia kama kawaida. Koo linakwaruza tangu Krismasi. Ni baridi tu.

Sasa hiyo sinema. Kurasa zako nimezisomea sauna, kwenye mvuke, zikalowa. Hivi hiyo mashine ina ugomvi gani na watu? Mimi nimeishi na mashine. Ile ya kulainisha barafu uwanjani iliniponda dole gumba, wala haikuwa na chuki na mimi, ilikuwa mbovu tu. Na huyo Noreen naye! Kafungiwa ndani siku nzima anazunguka analia. Mbona hachukui shoka? Nyumba gani haina shoka?

Lakini nimesoma. Jokofu langu linaunguruma, kwa hiyo nimejifungia kwenye kabati la makoti, nikasoma kati ya koti langu na koti la mama yako. Mbwa alilia nje ya mlango akidhani nimemkimbia. Ukimya wako pia nimekaa, mtu mzima gizani akisikiliza makoti. Isipofaa niambie, sitalia.

Timu imefungwa tena Jumamosi. Kijana anayetangaza siku hizi anabwata kama mnadani, jina la mfungaji hulisikii.

Baba yako


Toledo
2 Februari

Baba mpendwa,

Hujambo? Pole na koo, pole na theluji. Mimi mzima na nina furaha, ngoja nikueleze.

Kadi ya kinasa sauti imefika, tukaisikiliza wote. Baba, mbona umesoma kila kitu mara mbili? “Mlango umefungwa. Narudia: mlango umefungwa.” “Noreen, kahawa yako iko tayari. Narudia: kahawa yako iko tayari.” Nilitaka kulia, nikaona itabidi tukate yote. Halafu nikakumbuka. Uwanjani goli likiingia watu wanapiga kelele, mara ya kwanza hakuna anayesikia, kwa hiyo unarudia nani kafunga. Nilikuwa naanza kuikata Terrell akanishika mkono. Terrell ndiye mchukua sauti wetu. Akasema, “Acha! Usiguse hata kidogo.”

Tukaiweka kwenye picha. Paloma, anayecheza Noreen, alikuwa kakaa pembeni anakula viazi vya kukaanga. Uliposema “Narudia” akaacha kutafuna. Kwa hiyo tumeamua, Mlezi anarudia kila kitu, mpaka mwisho. Watu wakiuliza nani alibuni jambo hilo nitasema mimi.

Mistari miwili ya mwisho sauti imekwaruza. Kunywa asali uisome tena. Hapa nakutumia kurasa zilizobaki. Ndizo nzito, ndipo Mlezi anapoonyesha makucha. Soma hivyo hivyo, taratibu.

Na Noreen tumempa shoka. Paloma amefurahi sana.

Mwanao,
Kirsi


Calumet
13 Februari

Kirsi,

Kurasa zimefika. Hizi sikuzisomea sauna, nilikaa nazo mezani.

“Nje kuna baridi, utakwenda wapi?” “Huko hakuna anayekujua.” “Chakula kipo mezani, na viatu vyako nimeviweka mahali salama.” Halafu Mlezi anang’oa betri ya gari la Noreen na kuificha.

Betri niliing’oa mimi. Niliificha sauna, chini ya benchi, ulipokuwa na miaka kumi na tisa na barua yako ya chuo cha sinema mkononi. Maneno hayo niliyasema mimi, nimesimama pale pale mlangoni. Hata viatu ni mimi. Wewe umeongeza chujio tu.

Ungesema tangu mwanzo kwamba unataka nijisome. Mimi nilidhani nakusaidia kazi, nikajifungia na makoti kama mwehu, kumbe unanitengenezea kioo. Tafuta mtu mwingine. Kinasa chako nitakirudisha barabara zikifunguka.

Reino Saarela


Toledo
20 Februari

Baba,

Hujambo? Umesaini jina lako kama unaiandikia benki. Sijui hata kama bahasha hii utaifungua, lakini naandika.

Ndiyo, maneno ni yako. Mwanzo niliandika mengine, Mlezi akawa anasema ataangamiza wanadamu wote, ataitawala dunia, upuuzi kama huo. Hakuna aliyeogopa, mimi mwenyewe nikiyasoma nasinzia. Siku moja nikaandika, “Nje kuna baridi, utakwenda wapi?” Nikaacha kalamu nikaenda kuujaribu mlango. Nikajua hapo ndipo.

Unajua ni nini kilichonitisha siku ile? Hukupiga kelele. Ungenifokea ningekufokea, tungemaliza. Wewe ulikuwa umepika supu ya samaki. Uliniwekea kijiko. Ulisema yote kwa upole, tena mara mbili, na gari halikuwaka, na viatu sikuviona. Nilitokea dirisha la chumba cha kufulia nimevaa viatu vya Mama. Tangu hapo sijalala kwenye nyumba ile, na kila nikiota niko humo natafuta mlango.

Ningekuambia kabla ya kukutumia. Niliogopa utakataa. Umekataa, na haki yako.

Sasa kuna jambo jingine, na sitaki ulisikie kwa mtu. Bonnie anasema sauti yako tuliyonayo inatosha. Kuna programu ya kompyuta, unailisha sauti ya mtu, nayo inasema chochote unachoiandikia. Ameijaribu bila kuniuliza. Imesoma mistari yote uliyoikataa, hata “Narudia” imeisema sawasawa. Nilitoka nje nikaenda kukaa kwenye gari. Bonnie anasema hatuna njia nyingine, tamasha haliwezi kutusubiri. Nimemwambia mwenye sauti yupo, anaulizwa. Nijibu neno moja tu, ndiyo au hapana.

Mwanao, hata kama umekasirika,
Kirsi


Toledo
8 Machi

Baba,

Salamu. Hujajibu. Nimepiga simu mara nyingi, inaita mpaka inakata. Nimeona kununa kwako kwingi maishani, lakini huku sikujui.

Ile sauti ya programu nimeifuta, mbele ya Bonnie, naye sasa haongei na mimi. Mistari iliyobaki ataisoma Terrell, ingawa ana sauti ya mshereheshaji wa harusi. Akisema “Huko hakuna anayekujua” unangojea keki. Sinema itaharibika, basi, iharibike.

Siyo hilo linaloniandikisha. Jana Terrell alikuwa anasafisha ule ukimya wa kabati lako, akaniita. Akanivalisha vipokea sauti, akaongeza. Kuna mbwa kwa mbali, kuna hanga la koti linagusa ukuta, na kuna wewe unapumua. Ndani ya pumzi yako mna mluzi mwembamba, unaingia nao na kutoka nao. Terrell anasema baba yake alikuwa nao. Nilimwuliza baba yake yuko wapi, akaniambia nikuandikie leo leo.

Baba, umekwenda kwa daktari? Nitukane, nisute, nichambe, lakini nijibu.

Kirsi wako


Calumet
13 Machi

Kirsi mwanangu,

Salamu nyingi. Mbwa mzima, paa zima. Mimi si mzima, kwa hiyo nianzie hapo.

Ni saratani, imekaa kwenye kisanduku cha sauti, humo kooni. Daktari wa hospitali ya Marquette alinionyesha picha, akanieleza kama fundi anayekwambia gia imekufa. Wataondoa kisanduku chote. Nitapumulia tundu la shingoni, nitakula, nitazoa theluji, lakini kusema basi. Anaamini nitapona. Simu sikupokea kwa sababu sauti inakuja siku moja na kupotea siku tatu, nami sikutaka uisikie inavyokatika. Huyo Terrell wako ana masikio, mpe salamu zangu.

Ile barua ya Februari niliiandika siku hiyo hiyo nilipotoka kwa daktari. Nilikuwa na hasira na mambo mawili, na lako ndilo lililokuwa na anwani.

Sasa kuhusu hiyo programu. Hapana. Narudia: hapana. Nina sauti moja na imebaki kidogo, nitaitumia mwenyewe. Kwenye boksi hili kuna kadi, mistari yote imo. Nimeisoma asubuhi zilizokuwa nzuri, na asali, kabatini. Daktari alitaka anikate wiki jana, nikamwomba wiki moja. Akaniuliza kuna nini cha muhimu kuliko shingo yangu, nikamwambia nacheza sinema. Nesi akaniomba sahihi, sijui alikuwa ananicheka.

Ila hadithi yako ina kasoro. Mlezi wako anafunga mlango kwa sababu ni mbaya. Mwanangu, hakuna anayefunga mlango kwa sababu ni mbaya. Mama yako alitoka na gari lile, barabara ile, siku kama hizi za Machi ambapo barafu inayeyuka mchana na kuganda tena. Alikwenda kununua hamira, akateleza; gari lilitengenezeka, yeye hapana. Unga alikuwa ameshaupima, uko mezani kwenye bakuli. Baada ya mazishi ulikuwa bado upo, kila mtu aliyekuja aliuzunguka, na mimi sikujua mtu anaufanya nini unga kama ule. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tatu, utakuwa unakumbuka. Miaka sita baadaye nakuona umeshika funguo zile zile, mimi nikaona unga. Sikukuona wewe kabisa.

Sikwambii ufute chochote. Maneno ni yangu na niliyasema. Nakwambia tu kwamba mashine yako ipewe unga wake, itatisha zaidi. Nimeongeza mstari mmoja ambao hukuniandikia: “Aliyekuwepo kabla yako alitoka. Narudia: alitoka.” Ukiona haufai, utupe.

Mwisho wa kadi, baada ya mistari yote, kuna kitu kingine. Hicho si cha sinema.

Wananikata Jumanne. Bi Hilkka atakaa na mbwa.

Baba yako


Toledo
22 Machi

Baba yangu,

Boksi limefika jana, Alhamisi. Jumanne ilishapita. Nilisoma nimesimama kwenye varanda ya kliniki na kanzu ya damu ya bandia mkononi, watu wakadhani nimejikata.

Nimempigia Bi Hilkka, nikamkuta hospitalini amekuja kukuona. Amesema umeamka salama, wamekupa kibao cha kuandikia, na cha kwanza ulichoandika ni kwamba supu haina chumvi. Yeye anaona ajabu, maana kwake huwa hulalamiki. Nikamwambia nakata tiketi sasa hivi. Kwanza akakataa, kisha akasubiri uandike, kisha akanisomea kibao: “Amalize kazi. Nikitoka ndiyo aje.” Nimekutii, ila nimekutii huku nalia. Ungenisikia ungeniambia nipunguze kelele.

Mistari ni mizuri. Sauti imekwaruza na sasa siwezi kuwaza Mlezi mwenye sauti nyingine. Hatujasafisha hata pumzi moja. Ule mstari wako tumeuweka katikati, na jana Jumatano yote, samahani, juzi, tumerudia kupiga picha jikoni. Nimeweka bakuli la unga mezani. Noreen anauliza ni wa nani, jicho linazimika kidogo, halafu Mlezi anajibu alivyojibu. Paloma alitakiwa apige mayowe. Hakupiga, alivuta kiti akakaa.

Subiri, nimechanganya siku. Bakuli tumelipiga leo asubuhi. Silali vizuri, unisamehe.

Kile cha mwisho wa kadi nilikisikiliza ndani ya gari, madirisha nimefunga. “Mlango uko wazi, Kirsi. Narudia: mlango uko wazi.” Halafu ukakaa kimya nusu dakika bila kuzima, kama nilivyokufundisha, na mluzi wako, na hanga. Nimeusikiliza ule ukimya kuliko hata maneno. Bonnie alinikuta nimevimba macho, nikamsikilizisha, maana tumepatana. Akasema huo ndio mwisho wa sinema, hakuna mwisho mwingine duniani unaoufikia, ukiuacha wewe ni mwendawazimu. Pengine kweli. Nimemwambia huo ni wangu. Sinema ina mwisho wake wa shoka, inatosha.

Nakuja tarehe 3 Aprili kwa basi. Narudi Toledo kabla ya tamasha, lakini siku tisa nzima nitakuwa hapo. Nitalala chumbani kwangu, kama bado kipo.

Mwanao anayekupenda,
Kirsi


Calumet
28 Machi

Kirsi mwanangu,

Salamu. Wamenitoa mapema, nadhani kwa ajili ya malalamiko ya supu. Tundu la shingo linapiga mluzi nikipanda ngazi na mbwa anakuja mbio akidhani nimemwita. Bi Hilkka anasema nimekuwa msikilizaji mzuri siku hizi. Anaongea mpaka kahawa inapoa, na kibao ananificha.

Chumba chako kipo. Nimekitandika, nikafungua dirisha kidogo hewa ipite. Betri nimeichaji, gari linawaka mara ya kwanza. Viatu vya mama yako, kama bado unavyo, uje navyo, kwenye kabati kuna koti lake linavingojea.

Kuhusu huo mwisho, sikuwa na neno hata ungeutumia. Lakini nimefurahi.

Basi linafika alfajiri, bado giza, na taa ya pale kituoni imekufa tangu dhoruba ya Januari. Watu wanashuka wanasimama hawajui nani kaja kumpokea nani, wanaitana majina. Mimi siwezi kukuita. Nitakuwa ndani ya gari, ng’ambo ya barabara, injini inanguruma ili ukute joto. Ukishuka usihangaike kutafuta, simama tu hapo hapo. Nitawasha taa kubwa. Kisha nitaziwasha tena.

Baba